Timu yako ya kikapu mtandaoni inachapwa kila wiki? Soma dalili kabla hujakimbilia sokoni

Meneja akipigwa mechi nne tano mfululizo unajua kabisa atakachofanya, anafungua soko, anatafuta mfungaji mwenye namba za kung'aa, anapigania mnada mpaka usiku wa manane, anampata, alafu Jumamosi anachapwa tena kwa pointi zilezile na sasa hana hata hela ya kumalizia wiki. Soko ni la mwisho kabisa. Kabla ya hapo kuna pesa, kuna dakika za wachezaji, kuna takwimu za mechi, kuna taktiki, na mara nyingi tatizo unalikuta humo humo bila kununua mtu yeyote.

Naongelea zaidi gemu za aina ya BuzzerBeater, ile iliyoanza 2007, unashindana na mameneja wengine ambao ni watu kweli, mechi zinachezwa kwa ratiba ya seva na we unaacha maagizo tu kisha unasubiri. Kama unacheza Basketball GM, ile ya kwenye brauza unayopambana na kompyuta peke yako, baadhi ya vitu vinaenda tofauti na nitagusia pale inapobidi.

Unapigwa kwa pointi 10 hadi 15 na ukiangalia kikosi hakionekani kibovu

Hapa ndo watu wengi wamekwama kwa hiyo tutakaa kidogo.

Fungua takwimu za mechi na usiangalie nani kafunga ngapi. Angalia vitu vinne: kutupa, tanova (kupoteza mpira bila kutupa), rebaundi za kwenye ofensi (kudaka mpira uliokosa kikapu wakati mnashambulia), na mitupo huru. Huu mgawanyo ni wa Dean Oliver, mtaalamu wa takwimu za kikapu Marekani, na uzito aliokadiria yeye ni kama asilimia 40 kwa kutupa, 25 tanova, 20 rebaundi, 15 mitupo huru. Injini ya gemu yako inaweza isifuate namba hizo kamili lakini kama inaiga kikapu kwa uaminifu mpangilio hauwi mbali sana.

Tuchukue mfano. Umepigwa 98 kwa 84. We umetupa mara 82 ukaingiza 34, kati ya hizo 6 ni za pointi tatu. Mitupo huru 10 kati ya 18. Rebaundi za ofensi 9, tanova 19. Mpinzani katupa 92 kaingiza 40, za pointi tatu 9, mitupo huru 9 kati ya 12, rebaundi za ofensi 8, tanova 11.

Kwanza tafuta kila timu imepata mpira mara ngapi: idadi ya mitupo, toa rebaundi za ofensi, jumlisha tanova, jumlisha mitupo huru mara 0.44. We unapata kama 100, yeye kama 100. Sawa, mmepata nafasi sawa, hapo hakuna maajabu. Sasa kutupa: chukua mitupo iliyoingia, ongeza nusu ya zile za pointi tatu, gawa kwa mitupo yote. Wako ni 37 kwa 82, yani asilimia 45. Wake 44.5 kwa 92, asilimia 48. Kakuzidi ila si kwa kutisha. Rebaundi za ofensi 9 kwa 8, hakuna kesi.

Kisha unafika kwenye tanova, 19 kwa 11. Mara 8 zaidi umeurudisha mpira bila hata kutupa. Katika zile nafasi 81 ambazo hukupoteza mpira ulipata pointi 84, yani pointi moja na kidogo kwa kila nafasi, kwa hiyo hizo 8 zimekugharimu pointi 8 hivi kati ya 14 ulizopigwa. Ongeza mitupo huru uliyokosa, 8 kati ya 18, ukiwa na watu wa asilimia 75 ungepata pointi 3 zaidi. Hapo tumeshaeleza sehemu kubwa ya kipigo na hakuna mahali popote panaposema unahitaji mfungaji mpya.

Sasa shuka chini uone tanova ni za nani. Ukikuta 9 kati ya 19 ni za mtu mmoja, alafu mtu huyo ni pawa fowadi kijana, mtu wa kucheza karibu na kikapu, uliyempanga shutingi gadi, nafasi ya mtupaji wa nje, ili apate mazoezi ya kutupa kwa mbali, basi umeshajua. Kila akikutana na mtu anayejua kukaba anaporwa mpira. Mbadilishe na mtu mwenye umiliki mzuri wa mpira kwenye mechi za ligi, mazoezi yake mpe kwenye mechi ya kirafiki. Kama tanova zimesambaa kwa wote, mbili huku tatu kule, angalia kama mpinzani alikaba uwanja mzima, na angalia pointi gadi wako, yule anayeongoza mashambulizi, pasi zake na umiliki wake, kwa sababu pointi gadi dhaifu anaharibu hata takwimu za wenzake.

Fanya hivyo kwa mechi tatu angalau. Mechi moja inadanganya.

Ukikuta shida ni kutupa kwenyewe, uliza tena: ni sisi tunakosa au ni wao wanaingiza sana? Watu wanachanganya haya mawili. Kama gadi wa mpinzani wanaingiza za pointi tatu wanavyotaka, gonjwa liko kwenye difensi (ukabaji) ya gadi zako, na ukiongeza mfungaji mtakuwa mnapigwa 110 kwa 96 badala ya 98 kwa 84. Kama wanakuumiza chini ya kikapu ni senta na pawa fowadi, au ni zoni uliyochagua, yani kukaba eneo badala ya mtu. Zoni ya 2-3, wawili mbele watatu nyuma, inafunga ndani na kusaidia rebaundi ila inaachia nje, ya 3-2 ni kinyume chake, kwa hiyo mtu anayecheza 3-2 dhidi ya timu yenye senta mkubwa anajitafutia kesi mwenyewe. Ukiwa huna uhakika mpinzani atakuja na nini, kaba mtu kwa mtu. Ukitaka uhakika fungua mechi zake tano za mwisho, mameneja wengi wana ofensi moja tu wanayoipenda na hawabadilishi hata wakipigwa.

Mishahara yako ni mikubwa kuliko ya wapinzani lakini uko mkiani

Hii inauma jamani. Mshahara kwenye hizi gemu hauonyeshi ubora wa mchezaji uwanjani, unaonyesha fomula. Fomula inapenda ujuzi mkuu wa nafasi, senta mwenye kufunga ndani na difensi ya ndani ya juu analipwa mkwanja wa kutisha hata kama hajui kupiga pasi wala hawezi kudaka mpira. Mwenzake ambaye ujuzi wake umesambaa, ndani kidogo, rebaundi kidogo, pasi kidogo, anacheza karibu sawa na analipwa pungufu. Timu zinazoshinda kwa bajeti ndogo zimejaa watu wa aina hii ya pili, wale ambao ukiwatazama haraka unawapita.

Kwa hiyo panga wachezaji wako kwa mshahara kutoka juu kwenda chini, alafu kwa kila mmoja uliza anafanya nini ambacho mtu wa nusu ya mshahara wake hawezi. Kuna mmoja au wawili utakosa jibu. Hao ndo wa kuuza, na wauze kabla msimu haujageuka maana BuzzerBeater inakokotoa mishahara upya msimu unapobadilika, na kijana uliyemfundisha msimu mzima anakuja kukuamkia na mshahara mpya ambao hukuupangia.

Kwenye Basketball GM shida ni ya aina nyingine, mikataba ni ya miaka na kuna ukomo wa mishahara, ukivuka mstari wa kodi ya anasa, faini ya timu zenye mishahara mikubwa mno, kwa mpangilio wa kawaida unalipa 1.5 kwa kila 1 uliyozidisha. Huko mkataba mbaya wa miaka mitano ndo unaoua timu, na kuutoa inabidi ubadilishane na timu nyingine huku ukiwapa haki ya drafti (zamu yako ya kuchagua chipukizi) kama kifuta jasho.

Unaongoza mpaka robo ya tatu alafu ya nne mnazama

Sababu huwa tatu. Stamina, ambayo watu hawaifundishi kwa sababu haionekani kwenye mshahara wala haipendezi kwenye orodha. Benchi, kama mtu wako wa sita ni wa kujazia namba, dakika anazoingia ndo dakika unazopigwa. Na faulo, senta akipata ya nne mapema anapumzishwa benchi na huna mwingine. Fungua mtiririko wa mechi, angalia pengo lilianza dakika gani na nani alikuwa uwanjani. Kama pengo limeanza wakati wanaoanza wote wapo, ni stamina. Kama limeanza wakati wa benchi, unajua.

Na kama unakaba uwanja mzima kila mechi, acha kwanza. Inachosha watu wako pia.

Wachezaji wazuri, ujuzi haujashuka, ila fomu imeanguka

Dakika. Karibu kila mara ni dakika. Mtu akicheza mechi tatu nzima kwa wiki ana dakika 144 na fomu yake lazima iporomoke, na anayekaa benchi wiki nzima akacheza dakika 15 naye inashuka vilevile. Wengi tunalenga kati ya 50 na 75 kwa wiki kwa wale muhimu. Yani mechi moja nzima na nusu ya nyingine. Hapo ndo unaelewa kwa nini timu nzuri zina watu tisa kumi wa kueleweka na si watano wa dhahabu, na kwa nini meneja aliyenunua staa mmoja akamchezesha kila mechi analalamika kwamba staa kawa wa kawaida.

Fomu hairudi kwa wiki moja. Rekebisha dakika alafu vumilia.

Vijana hawapandi

Unasema unafundisha mitupo wiki ya sita sasa na kijana hajapanda hata ngazi moja. Pitia haya kwa mpangilio huu huu.

Je alicheza nafasi inayofundishwa? Si kucheza tu, kucheza nafasi hiyo. Ukifundisha mazoezi ya gadi na yeye kacheza fowadi dakika 48, hesabu yake ni karibu sifuri. Je alifika dakika 48? Hiyo ndo mechi nzima kwa BuzzerBeater na ndo kiwango cha mazoezi kamili. Sasa piga hesabu, nafasi moja ina dakika 48 kwa mechi, mechi tatu kwa wiki ni 144, zinatosha watu watatu tu. Meneja anayejaribu kufundisha vijana sita kwa mazoezi ya nafasi moja anawapa wote nusu nusu na kila mwisho wa wiki anashangaa. Akitaka sita achague mazoezi ya nafasi mbili na akubali kwamba yanaenda taratibu zaidi.

Alafu umri. Wa miaka 18 na wa miaka 26 hawakui sawa, huyo wa 26 mwache acheze tu. Na urefu, mrefu anapanda haraka kwenye ujuzi wa ndani, mfupi kwenye wa nje, kwa hiyo mtu wa futi saba unayetaka awe mtupaji wa pointi tatu atakula misimu. Inalipa wakati mwingine, sisemi usifanye, ila usiseme gemu ina hitilafu. Mwisho kabisa kocha wa mazoezi, ngazi yake inachangia, ila watu hukimbilia kununua kocha wa bei mbaya kabla hawajaangalia dakika.

Basketball GM sahau yote haya, huko mchezaji anabadilika kwa umri na bahati msimu ukiisha, bajeti ya makocha inasogeza kidogo tu.

Akaunti inasoma hasi

Hii ukiiona acha yote hapo juu uishughulikie kwanza, maana timu inayopigwa inaweza kusubiri ila timu inayofilisika haisubiri, gemu nyingi zitakuuzia wachezaji kwa lazima au zikunyang'anye timu kabisa.

Chukua wiki nne zilizopita, gawanya vitu viwili. Upande mmoja vinavyojirudia: tiketi, mauzo ya jezi, haki za tivii, mishahara ya wachezaji, mishahara ya wafanyakazi. Upande mwingine vya mara moja: kuuza mchezaji, kununua mchezaji, kujenga viti. Angalia upande wa kwanza peke yake. Unakuta meneja anasema mbona nina faida, kumbe faida ni kwa sababu aliuza mtu kwa laki sita, ukiitoa hiyo kila wiki anapoteza elfu 40 na bado wiki nane msimu uishe, hiyo ni laki tatu na elfu ishirini itakayotoka wapi? Na msimu wa BuzzerBeater ni wiki 14, ukianza na shimo hilo mapema hufiki.

Kama vinavyojirudia ni hasi, dawa ni mishahara. Watu hawapendi kusikia. Wanapandisha bei ya tiketi, wanaongeza viti, viti vinakula hela leo na vinarudisha baada ya muda mrefu, na timu inayopigwa haijazi hata vilivyopo. Uza mshahara mmoja mkubwa, basi. Usiuze watatu wadogo, hao ndo benchi yako na ndo dakika zako.

Na wafanyakazi nao waangalie, mshahara wa daktari au kocha uliyemwajiri misimu miwili iliyopita unapanda kimyakimya. Siku moja unagundua unamlipa daktari kama mchezaji wa akiba mzuri.

Uwanja mtupu

Mashabiki wanafuata matokeo, kwa hiyo baada ya vipigo watapungua, hiyo ni kawaida. Ila angalia kila aina ya kiti peke yake. Kama viti vya bei rahisi vimejaa na vya karibu na uwanja vitupu, shusha bei ya vya karibu tu. Badilisha bei kidogo, subiri mechi mbili za nyumbani dhidi ya wapinzani wa kiwango kinachofanana, ndo uamue. Anayebadilisha bei kila mechi hajifunzi kitu.

Unapoteza kila mara kwa pointi 2 au 3

Hapa huenda hakuna ugonjwa. Chukua tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa kwa msimu mzima, timu yenye ushindi 4 na vipigo 9 lakini jumla ni hasi 10 tu ni timu ya katikati iliyokosa bahati, na kuivunja sasa hivi ni kosa kubwa kuliko vipigo vyote tisa. Tofauti ya pointi inatabiri mechi zijazo vizuri kuliko msimamo wa ligi. Wewe tulia, fanya vitu vidogo tu, kama kupanga juhudi: mechi ambazo utashinda hata kwa kulegea au utapigwa hata ukifa, cheza kwa kulegea ili morali ipande, alafu ile juhudi ya kufa na kupona itunze kwa mechi mbili tatu za wapinzani mnaolingana. Ukitumia kufa na kupona kila wiki morali inaisha na mechi ya kushuka daraja unaikuta huna kitu.

Na ukiwa we ndo mnyonge siku hiyo, cheza taratibu. Nafasi chache, mechi fupi kwa maana hiyo, mkubwa anapata muda mdogo wa kuonyesha ukubwa wake. Ukiwa mkubwa kimbia.

Kushuka daraja kunakuja na unajua

Kuna msimu ambao hesabu imeshakataa. Zimebaki mechi nne, unahitaji zote, mbili ni dhidi ya vinara. Wengine hapo wanamwaga hela zote kununua wazee wa miaka 33, wanashuka hivyohivyo, na daraja la chini wanaanza na mishahara ya daraja la juu na mapato ya chini. Kama unaona hivyo, uza wenye mishahara mikubwa wakati bado wana bei, wape vijana dakika zao 48, na ushuke na akiba benki. Si kupoteza makusudi, baadhi ya gemu zina adhabu kwa hilo na zinastahili kuwa nayo, panga timu bora uliyobaki nayo tu.

Kwenye Basketball GM kuna bosi juu yako, mmiliki, anaangalia ushindi, pleiofu (mechi za mtoano mwisho wa msimu) na pesa, kwa hiyo kujenga upya kwa misimu mitatu mfululizo bila faida unaweza kufukuzwa kazi. Angalau mmoja kati ya hivyo vitatu uwe umeuridhisha.

Sasa sokoni

Umefika huku na bado unahitaji mtu, sawa, nunua. Ila sasa unajua unachotafuta: tuseme gadi mwenye umiliki na pasi juu ya kiwango fulani, difensi ya nje ya kueleweka, mshahara usiozidi kiasi kadhaa, umri wowote chini ya 30. Weka hivyo kwenye utafutaji, kutupa acha wazi kabisa. Utaona majina ambayo hakuna anayeyapigania, kwa sababu wenzako wamepanga orodha kwa kutupa. Angalia watu watatu wanaofanana waliouzwa karibuni wameenda bei gani, andika bei yako ya mwisho kabla mnada haujaanza kuchemka, na wakipita hapo funga ukurasa, mwisho wa msimu timu zilizotolewa pleiofu zinaanza kupunguza mishahara na gadi kama huyo anarudi sokoni.